Ya Barua na ya Daftari

Mama Rehema,

Salaamu kutoka Al Barsha, hapa Dubai. Namwomba Mungu barua hii ikukute mzima, na mama yangu kifua kiwe kimempoa. Mimi mgongo unaniuma na macho yamechoka. Kwenye simu nisingekwambia, nimezoea kusema kazi ni nzuri.

Wiki nzima nimesimama kwenye mashine ya kuskani hapa dukani, nazitia kwenye kompyuta karatasi kuukuu za madam mmoja wa Kimarekani. Wazee wake walikuwa katika Wamormoni wa kwanza, watu wa dini moja ya huko Marekani, waliohamia bonde kavu wakachimba mifereji na kujenga nyumba za matofali ya udongo. Ndiyo, wengine walioa wake wengi. Usinune, huyu babu wa madam alikuwa na mmoja tu. Kanisa likamtuma ng'ambo kuhubiri miaka mitatu, majirani wakamlimia mkewe shamba. Mke akawa anaandika barua kwa mumewe, na daftari lake mwenyewe pembeni.

Jumanne nikakuta vyote viwili vya siku moja. Kwenye barua: "Sisi wazima. Mtoto anaibusu picha yako kila asubuhi." Kwenye daftari: "Ng'ombe amekufa. Mtoto amekataa kuitazama picha. Amesema, huyo simjui."

Nilibaki na karatasi mkononi mpaka arbab, bosi wetu, akasema, "Yalla, Bakari, hapa si maktaba."

Madam alipokuja kuchukua vitu vyake, nikamuuliza kwa nini yule mama alimficha mumewe ukweli.

"Wake waliambiwa na kanisa wasiwavunje moyo waume zao," akasema.

"Alirudi?"

"Alirudi. Mtoto akajificha nyuma ya pipa la unga."

Mama Rehema, kila nikipiga simu unaniambia Rehema amelala. Hata saa kumi jioni amelala. Mtoto wa miaka mitano halali hivyo. Naogopa. Wala sikulaumu, maana mimi ndiye niliyeanza kuficha.

Fomu ya mkataba wa miaka miwili mingine iko chini ya godoro. Alhamisi ijayo wanaitaka, na sijatia saini. Barua hii nampa rafiki yangu wa Deira, anakuja huko nyumbani kesho. Ukishaisoma nipigie, uniambie ya daftari, si ya barua.

Nisalimie mama, kaka yangu fundi cherehani, na shangazi anayekusaidia kuteka maji. Na huyo aliyelala, mwambie aliyeandika ni

Baba yake, kama bado ananijua.