Maswali Niliyomuuliza Mdogo Wangu

Shangazi mpendwa, nisaidie, maana tangu juzi naishi kama niko usingizini. Nasomea unasihi, kazi ya kushauri wenye shida, mwaka wa mwisho, na utafiti wangu ni kupima jinsi wanafunzi wanavyozama kwenye mitandao ya kijamii, na mdogo wangu tunayesoma naye chuo kimoja akajitolea mwenyewe kujibu, basi tukakaa uani nyuma ya bweni kati ya mashuka yaliyoanikwa, upepo unayajaza na kuyashusha taratibu, jua linapenya mpaka kila kitu kikawa cheupe, namsomea, je, ukikosa mtandao unanyong'onyea, anasema sana, je, huwa unakosa vipindi, anasema karibu kila siku, je, unaingia mtandaoni ili usahau huzuni, hapo shuka likapita katikati yetu, nikasikia sauti tu, "Dada, kule naelea tu. Hakuna anayenihitaji, hata mimi sijihitaji." Nikajaza jibu kwenye simu yangu, hapohapo rafiki akanitumia kichekesho, nikacheka kidogo, nikasoma swali linalofuata. Alama zake zimepita za wote niliowapima. Niliahidi kila anayejibu kwamba ni siri, lakini huyu ni damu yangu, na mama akisikia atamrudisha nyumbani siku hiyohiyo, chuo ndiyo basi tena. Nikinyamaza, naogopa nitampoteza. Nifanyeje?

Binti yangu, pole, ila leo nakuvuta sikio. Barua yako nimeirudia nikitafuta kama alilia. Hukuandika. Upepo umo, jua limo, kichekesho cha rafiki kimo. Uso wa mdogo wako haumo! Wewe mpimaji, macho yako yalikuwa wapi?

Na hebu niambie, tangu lini mdogo mtu akajitolea kuhojiwa na dada yake? Alikuwa anakubishia hodi.

Kwa mama usikimbilie. Alama zake zitoe kwenye utafiti, ndugu hapimwi na ndugu, hata mwalimu wako atakwambia. Leo hii, usingoje kesho, simu iache chumbani, izime kabisa, umwombe mkafue pamoja. Mwambie, "Nilikusikia, na nilikosea kucheka." Muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Akisema ndiyo, hapo siri imekwisha, usimwache peke yake, mama aitwe na msaada utafutwe saa hiyohiyo. Akisema hapana, bado mpeleke kwa mnasihi wa chuo, umngoje mlangoni mikono mitupu, bila simu.

Na shuka likipita tena katikati yenu, lisogeze umtazame.