Kundi Lisilogombana

Jumatatu, 3 mwezi wa tatu

Nimefungua makundi asubuhi, kama kila siku. Rezo nzuri, mtandao haukatiki. Walimu kumi na nane, makundi sita, watu watatu watatu. Kila kundi linatayarisha somo moja kwenye mtandao: mmoja anaandika, wawili wanasahihisha, halafu wanabadilishana. Asiyeandika majuma mawili anatolewa. Sheria yangu hiyo. Bila hiyo kundi la sita lisingeamka.

Kundi la nne ndilo bora. Katembo wa hapa Bunia, Unega wa Ariwara, Jeannine wa Bule. Hawachelewi, hawagombani. Somo lao: kupima maji kwa mabidoni, yaani madumu, darasa la tatu. Nimewasifu mbele ya wote.

Jumatano, 5

Kitu kinanisumbua. Jeannine amebadilika. Zamani aliandika sentensi ndefu bila nukta, maswali tele, na alimwambia Katembo waziwazi kwamba somo lake litalaza watoto. Sasa anaandika mistari mitatu mitamu. "Nzuri sana, ndugu." Anamalizia kwa "Mungu atubariki sote", sawasawa na Katembo.

Nimerudia kusoma yote ya majuma matatu. Si yeye. Nina hakika. Sitaki kuwa na hakika.

Ijumaa, 7

Tangu jana nampigia Jeannine, simu imezimwa. Nilimwandikia Katembo. Jibu: "Jeannine iko salama." Basi.

Mkurugenzi wetu anataka majina ya watakaopata cheti, mwisho tarehe 21. Naogopa.

Jumamosi, 8

Nilikwenda Bigo, kwa Katembo. Nilimkuta uani anapigilia mguu wa benchi. Watu wake walitoka Butembo miaka mingi iliyopita. Mke wake anauza unga mbele ya nyumba. Alinipa kiti. Nikamuuliza nani anaandika kwa jina la Jeannine. Hakukana hata kidogo.

"Ni siye, Madame. Juma moja miye, juma moja Unega."

Jeannine alikimbia Bule na watoto wake, risasi zilipolia. Simu ilipotea njiani. Yuko kwa shangazi yake, kijiji kisicho na rezo. Neno la siri alimpa Katembo zamani, ili amtumie kazi rezo ya Bule ikikataa. Akiwa njiani aliazima simu ya mtu mara moja tu, kumwambia Katembo: "Musikubali banitoshe," yaani asitolewe kundini.

Nikasema huo ni uongo. Katembo alijibu kwa upole, akiutazama msumari:

"Ni uongo, ndiyo. Lakini ile sheria, ni weye uliiandika."

Nimerudi kwa mguu. Nina hasira naye. Na mimi mwenyewe zaidi.

Jumapili, 9

Mahubiri sikuyasikia. Sheria ile niliiandika ofisini, penye paneli za jua na rezo ya kutosha. Bule sikuifikiria.

Mchana nimesoma tena somo la kundi la nne, polepole. Lina kosa. Bidoni ya lita tano, wanasema, ukiimimina mara tatu unajaza ile ya ishirini. Mara tatu! Katembo aliandika, Unega akakubali, na "Jeannine" akasema nzuri sana. Nani angekataa? Wa kukataa hakuwepo.

Na mimi nikawasifu. Hilo linaniuma kuliko uongo.

Jumatatu, 10

Nimemwambia mkurugenzi yote. Anataka kuwafuta wote watatu. Nikamwambia anifute kwanza mimi, niliyemsifu mtu ambaye hayupo. Hakucheka. Amenipa mpaka tarehe 21: kazi ya Jeannine, kwa mkono wake, au basi.

Jumanne, 11

Muuguzi wa kijiji alipo Jeannine huja Bunia kila Jumanne kuchukua dawa. Katembo anamjua. Nimempa muuguzi bahasha ya Jeannine, asahihishe: somo lenyewe, karatasi tupu, kalamu mbili. Sikuandika chochote kuhusu kosa.

Alhamisi, 13

Nimefuta yote yaliyoandikwa kwa jina lake. Sheria mpya imetoka: mwenzenu akipotea, mtuambie. Mnaweza kumbebea kazi, lakini kila mtu aandike kwa jina lake. Karatasi na sauti zinapokelewa. Katembo na Unega wamekatwa poe, yaani alama.

Unega ametuma sauti, soko la Ariwara likipiga kelele nyuma yake. "Toa zangu zote, Madame. Jeannine usimuguse."

Nimeisikiliza mara mbili.

Jumanne, 18

Bahasha imerudi! Kurasa nne, pande zote mbili, hakuna nukta hata moja. Ni yeye.

"Nilifundisha hili somo kwa batoto ba hapa chini ya hema na ilikataa." Kosa aliliona yeye, watoto nao wakaliona, wakamcheka mwalimu. Basi akaliacha somo, akawapa chupa za nusu lita wajimiminie wenyewe, wahesabu mpaka bidoni ijae. Walilowa wote. Amechora mpaka mahali aliposimama kila mtoto.

Kwa wenzake ameandika pembeni: "Asanti kwa kunilinda lakini kumbe munaniona mupole hivyo?"

Nilicheka peke yangu ofisini. Halafu nikalia kidogo.

Ijumaa, 21

Mkurugenzi amesoma kurasa zote nne, akazirudia. Jeannine anabaki. Cheti cha wote watatu kitangoja kipindi kijacho. Nilitaka zaidi. Nimekubali.

Katembo amezinakili kwenye kundi. Juu ameweka: "Maneno ni ya Jeannine, mimi Katembo ninapiga chapa tu." Unega akajibu kwamba chupa za Ariwara nyingi si nusu lita kamili, somo litaharibika. Katembo akasema watie alama kwa kalamu. Unega akasema alama ya nani? Ujumbe ishirini na saba kabla ya saa sita. Wanaandika yote kwenye karatasi, muuguzi ambebee Jeannine Jumanne.

Sikuingilia. Nilisoma tu, mpaka mvua ilipoanza, nikatoka kuanua nguo.