Mende Wangu, Nyigu wa Eddo

Jumatatu, 13 Januari

Maji ya mfereji yamefika mstari wa mwisho wa shamba saa tatu. Wadudu weupe bado wamejaa kwenye mipapai, kama pamba. Wiki jana afisa wa kilimo alituletea wadudu wa kuwamaliza: nyigu wadogo asili yao Meksiko, mende wa shambani, si wale wa jikoni, asili yao Australia. Wamesafiri kuliko mimi. Mwisho wangu Nairobi. Tulinganishe, akasema. Eddo Sahra, dadake marehemu baba, shamba lake limepakana na langu. Yeye alichukua nyigu, mimi mende. Nilichagua kama ninavyochagua fahali: nimwone akila. Nyigu wa Eddo hata haonekani. Nilimcheka.

Jumatatu, 27 Januari

Kwa Eddo wale weupe wanakauka, wamekuwa kahawia, wana kitundu mgongoni alikotokea nyigu. Kwangu wameongezeka. Tena wakubwa, manyoya marefu, wanatembea upesi. Mende nawaona wawili watatu tu. Nina wivu.

Jumatano, 29 Januari

Nimechoka kusubiri. Nimechukua pampu ya kunyunyizia mbuzi na dawa ya kupe, nikanyunyiza shamba zima. Kupe anakufa, hawa ni nani? Upepo ulielekea kwa Eddo. Niliona. Sikuacha.

Alhamisi, 6 Februari

Afisa amekuja. Aliokota mzoga mweupe chini, akaugeuza kiganjani.

"Mzee Abdi, huyu ni mtoto wa mende. Anafanana na hao anaowala."

Nimeua watoto wa mende wangu. Wale wabaya nta yao nyeupe imewakinga, wanajaa upya. Kwa Eddo pia, na nyigu hakuna. Eddo akasema labda ni joto. Nikanyamaza. Mjinga, tena mwoga.

Jumapili, 16 Februari

Mapapai ya Eddo yanaanguka mabichi. Ng'ombe wake waliisha kwenye ukame. Mipapai ndiyo mifugo yake sasa, hana kingine. Ananisalimia vilevile kila asubuhi. Naona aibu.

Ijumaa, 21 Februari

Baada ya sala nimekwenda kumwambia. Dawa, upepo, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuona siku ile na pampu," alisema. "Nikasema, mtoto wa kaka yangu anajua anachofanya."

Tumekata mipapai yake minne iliyokauka, tukaichoma. Yeye alibeba majani, mimi mashina.