Maganda Yaliyooshwa

Jumatatu, 9 Hidar

Tumeanza kupima takataka za mji. Nyumba arobaini, siku nne, mzani mmoja wa kuning'iniza. Bwana Gezahegn, mkuu wangu pale manispaa, kanikabidhi kazi yote — nipime, halafu mji uchague. Nyumba ikitoa chini ya kilo mbili kwa siku, mikokoteni ya akina mama wazoa taka inatosha, inaendelea. Ikizidi, linaletwa lori, mapipa ya chuma barabarani, shimo kubwa kule bondeni. Na mikokoteni basi.

Mkokoteni namba saba ni wa Shangazi Asnakech. Ndiye aliyenilea, kanisomesha kwa huohuo. Bosi hajui. Ningeanzia wapi kumwambia?

Jumanne, 10 Hidar

Makubwa! Bi Wubit wa nyumba ya kwanza kanipa mfuko uliofungwa kwa utepe. Ndani maganda ya viazi — yameoshwa. Yameoshwa! Nikamuuliza, mama, uchafu wa jana ndio huu tu? Eti binti wa watu anakuja na daftari kuchungulia taka zangu, nimwonyeshe aibu yangu? Nimecheka hadi machozi. Nyumba ya pili vilevile, mpaka majivu ya jikoni yamechekechwa.

Wastani: kilo moja na robo. Nikafurahi. Halafu nikaona haya kwa kufurahi.

Jumatano, 11 Hidar

Kilo moja na nusu. Jioni nimepita kwa shangazi. Magoti yamevimba tena, maskini. Nikayakanda, huku kahawa ikichemka. Nikamwambia usiwe na wasiwasi, mkokoteni wako unabaki. Akauliza kilo ngapi. Nikamtajia.

"Kilo moja na nusu? Hiyo nyumba ya watu au ya sungura?"

Akasema ameusukuma miaka ishirini na mbili, anajua uzito wake. Taka zilizobaki wamezificha uani, wanangoja kesho, kumi na mbili ya mwezi wa Hidar, siku ya desturi ambapo kila nyumba huchoma taka zake ili maradhi yaende na moshi. Nilijua! Tangu jana najua, nimenyamaza. Nikamwomba tuache hivyohivyo. Akanimiminia kikombe cha tatu, kile cha baraka, akanibusu kwenye paji la uso. Nampenda huyu mama mpaka naumwa.

Alhamisi, 12 Hidar

Moshi mji mzima, macho yanawasha. Bi Wubit leo kanipa ganda moja la ndizi. Moja! Bosi kapiga simu: ripoti saa nane, bila kukosa.

Nikiwa najumlisha, nasikia magurudumu. Shangazi! Mkokoteni umejaa pomoni, wazoa taka wenzake watatu nyuma wanasukuma, wamenuna. Kumbe tangu alfajiri amepita nyumba zote arobaini kabla hawajawasha kiberiti. Kawaambia akina mama wa nyumba hizo: nipeni mimi, aibu zenu nimezizoea. Wakampa.

"Pima."

Nikamwambia shangazi, unajua nikipima mambo yatakuwaje.

"Najua. Kwani nilikusomesha uje uandike uongo kwa ajili yangu?"

Nimelia mbele za watu. Yeye kapangusa pua yangu kwa ncha ya shuka lake, kama nina miaka sita. Halafu kaning'iniza gunia la kwanza mwenyewe, na magoti yale. Mshale unapanda. Magunia kumi na moja bado yako chini. Wenzake wananitazama mimi, hawautazami mzani. Nami nimeinamia shajara hii nisiwaone.

"Acha maneno, mwanangu," anasema. "Andika namba."