Gunzi la Tomi

Jumanne, Agosti 2001

Matumbo yote hayo nimemaliza bure. Wiki nzima namwita Tomi na nyama mkononi, ananusa tu, kisha huyo, kwa kuku wa Mama Mwikali. Jana jirani aliniambia bila kucheka, "Mama Mutua, nikipata hiyo mbwa yako hapa tena, naitilia sumu."

Leo nikipukuchua mahindi, gunzi likaniponyoka, likabingirika uani. Tomi akalirukia kana kwamba ni sungura. Kumbe anachotaka si kula, ni kukimbiza. Nikalificha nyuma ya leso, nikamwita. Akaja mbio. Nikamwambia keti, akaketi, ndipo nikalirusha. Tulirudia mpaka mkono ukachoka, na kuku walipopita hakuwaangalia.

Nikageuka kumwambia Mzee wangu. Miezi minne tangu tumzike, na bado nageuka.

Kitu kimoja kimenishinda. Gunzi haniletei mimi. Analiweka mbele ya kiti cha Mzee, anangoja. Mwishowe nilikikalia mimi, mara ya kwanza. Tomi akaniangalia, akaliokota gunzi lake, akaenda kulala nalo langoni.