Mdogo Wangu, Huo Si Mvuke Tu

Nyumbani,
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na mapacha wenu. Lile jino lililokuwa likikusumbua limetulia? Mama anauliza kila siku, nami namjibu kwamba ulishaling'oa. Kama bado, ling'oe upesi kabla hajakupigia.

Sisi huku tu wazima, kwa kadiri mtu anavyoweza kusema hivyo. Mgongo wangu bado unagombana na kiti cha cherehani, na shemeji yako amejaza friji mbovu za watu uani mpaka kuanika nguo ni kazi ya kuomba njia. Mama anakula vizuri na kugomba vizuri, kwa hiyo najua haumwi.

Sasa salamu zimetosha. Nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni yako. Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenichekesha mpaka nikasahau nilichotaka kusema.

Ni habari za mwanangu Chiriku. Jina hilo ulimpa wewe, kwa vile alikuwa haachi kuongea hata mdomo ukiwa umejaa chakula. Tangu muhula huu uanze amekuwa mtu wa kujifungia chumbani, na akitoka ananukia matunda. Nikadhani ni mafuta ya midomo. Nikafurahi kwamba binti ameanza kujipenda.

Kidude chenyewe kilikuwa mezani siku zote, cha zambarau, kirefu kama kidole, kinachajiwa kwa waya uleule wa simu. Aliniambia ni chaja ya akiba. Basi kila umeme ukirudi nilikichomeka mimi mwenyewe, ili mtoto asiishiwe chaji akiwa shuleni. Siku moja kikagoma. Shemeji yako unamjua, hawezi kuona kitu kibovu akakiacha kilale kibovu. Akavaa miwani, akakifungua, akaunga waya uliokatika, kikawaka taa. Akamkabidhi bintiye kwa mbwembwe kama mtu aliyetengeneza ndege. Chiriku akasema ahsante huku akiangalia sakafu. Mama anachaji, baba anatengeneza! Niambie kama kuna wazazi wengine waliojitolea namna hiyo kumharibu mtoto wao.

Kisha mwalimu wa michezo akaniita. Alisema Chiriku, aliyekuwa akiwaacha wenzake mbali kwenye mbio, siku hizi hamalizi hata nusu ya uwanja bila kushika magoti na kukohoa. Akaweka mezani kidude kama kile, alichomnyang'anya mwanafunzi mwingine, akaniuliza kama nakifahamu. Nikasema ndiyo, hata sisi tunacho nyumbani, kinatusaidia sana. Mwalimu alinitazama kwa huruma mpaka nikatamani kuingia chini ya meza. Ndipo akanieleza kwamba ile ni vepu, sigara ya umeme, na kwamba watoto wanavutia chooni.

Nilirudi nyumbani mbio nikapekua nguo zake. Ndani ya mkanda wa sketi ya shule nikakuta mfuko wa siri, umeshonwa kwa ule mshono wa kuficha uzi ambao nilimfundisha mimi, huku nikijisifu kwa majirani kwamba binti yangu ana mkono mwepesi kuliko wangu. Na kweli anao. Nisingekuwa fundi nisingeuona. Nilikaa kitandani kwake nikalia, kisha nikapandwa na mori.

Hapo ndipo tulipovuruga kila kitu. Shemeji yako alikiponda kidude kwa nyundo. Mimi nilipiga kelele mpaka jirani akazima redio ili asikie vizuri. Tukamnyang'anya simu, na Mama akamwambia ameuaibisha ukoo mzima. Siku chache baadaye nikakuta kidude kingine ndani ya soksi. Kelele zetu zote zilikuwa zimemfundisha kuficha vizuri zaidi, basi.

Mwisho nikaenda zahanati kwa muuguzi ambaye namshonea sare. Ilibidi anieleze polepole, maana kwa hasira nilikuwa simsikii. Alisema ndani ya mvuke ule mara nyingi mna nikotini, ileile ya sigara, na ubongo wa mtoto wa umri ule bado unakua, kwa hiyo unanasa upesi. Ule ukali wake wa asubuhi, kukosa usingizi, kutotulia darasani, mimi nikiita jeuri, kumbe mwili unadai. Akaniambia nimuulize mtoto anavuta wakati gani na kwa nini, halafu ninyamaze nisikilize. Kunyamaza, mimi! Shemeji yako alicheka hadi akakaa chini.

Lakini nilijaribu. Nilimpa mashati ya wateja apachike vifungo, tukakaa bega kwa bega, kwa kuwa macho kwa macho tulikuwa hatuwezi tena. Akaanza kusema kidogo kidogo. Rafiki zake wote wanavuta, na hakutaka kuwa yule anayebaki peke yake nje ya mlango. Nikamuuliza kama hakuogopa. Akanijibu, tena bila ujeuri wowote, "Mama, mbona mjomba anavuta na yuko vizuri tu?"

Mdogo wangu, nilijichoma sindano. Kumbe yale mawingu unayopuliza kwenye simu ya video, mpaka uso wako unapotea na yeye anaangua kicheko, ndiyo hayo! Mimi nilidhani ni baridi ya huko. Nimekuambia mara ngapi uvae koti? Nawe unaitikia, "Sawa dada," unaendelea kupuliza.

Na nilipokupigia wiki iliyopita kukuuliza unapuliza nini, bila kumtaja Chiriku, ulicheka, ukasema ni mvuke tu wa matunda. Usinifanye mtoto. Wifi yangu ameniambia yote, na usithubutu kumgombeza, mimi ndiye niliyembana. Najua umejaribu kuacha ukashindwa, ukajaribu tena ukashindwa. Najua unatoka katikati ya kikao kazini ukisingizia simu. Najua ukikikosa unakuwa mkali hata kwa sahani, na mapacha wakikohoa unajifungia bafuni, dirisha wazi, unavuta huku unajichukia. Mbona hayo humwonyeshi Chiriku? Yeye unampa mawingu tu.

Jana aliamua mwenyewe kwamba havuti tena. Alinipa kile kidude cha ndani ya soksi nikifungie kabatini, na mchana alikuwa anaimba. Jioni akaanza kuzunguka nyumba. Akafungua friji za wateja wa baba yake moja baada ya nyingine wala hatafuti kitu, kisha akaja kuniomba ufunguo. Sikumpa. Akalia kama alivyokuwa akilia utotoni, akasema, "Mama, sikujua kama siwezi."

Mimi sijawahi kuvuta, na baba yake vilevile. Muuguzi amekubali kumwona kila wiki, na ametuonya kwamba akiteleza tusirudi kwenye nyundo. Mtu mwema sana, lakini hata yeye hali hiyo anaijua kwa kuisoma.

Wewe unaijua. Sikuombi umhubirie, mahubiri tunayo, Mama peke yake anatosheleza mtaa mzima. Nataka umpigie, bila mawingu, umwambie ulichomficha: kwamba umeshindwa kuacha, na mtu aliyeshindwa huipitisha vipi siku yake. Najua itakuuma. Kwake wewe ni shujaa. Kubali ushujaa upungue kidogo, mtoto apone.

Msalimie wifi yangu, na uwabusu mapacha kwa zamu wasigombane. Shemeji yako anakusalimu, siku hizi kila kinachochajiwa anakinusa kwanza. Mama anakusalimu mno. Mungu akutunze huko uliko, akupe kifua kizima na moyo wa kusema kweli.

Chiriku hakutumi salamu. Aliniomba nisikuandikie kabisa, kwa sababu anaogopa ukijua hutampenda tena. Nimemwambia mjomba wake hawezi kumtupa kwa jambo linalomtesa na yeye. Simu yake tumemrudishia, na kila ikiita anaangalia kwanza kama ni wewe. Tafadhali, usinifanye mwongo mbele ya mwanangu.

Wako akupendaye, hata leo nilipokukasirikia,
Dada yako.