Kipande Kilichofunikwa kwa Kitenge

MAELEZO YA SHAHIDI
Shauri: Kujeruhi

Jina: Benjamin Mwiru Ntandu
Umri: Miaka 53
Kabila: Mnyaturu
Dini: Mkristo
Elimu: Darasa la sita
Kazi: Mkulima wa alizeti, pia mwenye banda la video
Makazi: Mkiwa, Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida
Tarehe: 19/06/2025, kuanzia saa 4:10 asubuhi
Mwandikaji: WP Koplo Scholastika

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeonywa kusema kweli. Leo nitaisema, ingawa Mkiwa nzima inajua kwamba mimi na kweli huwa tunapungiana mkono kwa mbali.

Nina banda la video hapo njia panda tangu mwaka 2009. Wengine wanaliita kibanda umiza. Kazi yangu ni kuonyesha sinema na kuzitafsiri papo hapo kwa maiki. Kihindi natafsiri, Kichina natafsiri, Kikorea natafsiri. Lugha hizo sijasoma hata moja, naangalia tu mdomo wa mtu unavyokwenda. Kuna siku basi la Mwanza lilisimama pale dakika arobaini, dereva hataki kuondoka mpaka asikie mwisho wa sinema. Afande ameniambia niseme yanayohusu shauri. Hili linahusu, kwa sababu spika yangu ya tarumbeta iko juu ya paa, na ninachosema ndani kinasikika mpaka kwa wauza vitunguu wa stendi.

Kwangu wanaingia wake za watu, wazee wa kanisa, hata mtu na mkwe wake. Kwa hiyo nina utaratibu. Juu ya runinga nimefunga waya, na kwenye waya kuna kitenge cha mke wangu Agripina. Sinema ikifika kitandani, au wakianza kunyonyana midomo, napunguza sauti, nashusha kitenge mpaka wamalize. Mtendaji wa kijiji alinisifu kwa hilo mbele ya mkutano.

Tatizo ni kwamba kitenge kikishuka watu wananuna. Ndipo nikaanza kuwasimulia yaliyo nyuma yake. Naipa runinga mgongo, nawatazama watu usoni, nasema. Kinachofanyika mimi siwezi kukiona, nasema tu. Ukweli ni kwamba vijana wengine walikuwa wanakuja kwa ajili ya kitenge, sinema hawana habari nayo.

Dorika Stefano, miaka 26, ni mtoto wa dada yangu Luciana. Baba yake alifariki akiwa hajaanza shule, mimi ndiye mjomba na mimi ndiye baba. Ni fundi cherehani Singida Mjini. Mwaka jana alijiunga na kikundi cha maigizo, wakatengeneza sinema, yeye akacheza kama mke wa mtu. Mimi nilishawatangazia watu kwamba Wahindi wameleta barua kumtaka akacheze sinema kwao. Hakukuwa na barua.

Mnamo tarehe 14 Juni 2025, siku ya Jumamosi, saa 10 jioni, Dorika alikuja bandani. Alinipa shikamoo, akanipa flashi yenye sinema hiyo. Alisema kesho yake mama mkwe wake mtarajiwa, mama Evodia, anakuja kutoka Kintinku na ndugu wawili kumsalimu Luciana, maana harusi ya Dorika na Nathan ilipangwa mwezi wa nane. Alitaka wamwone kwenye sinema kwa macho yao, wasije wakaambiwa na watu. Nakumbuka maneno yake.

"Mjomba, hii ni ya Kiswahili. Usitafsiri. Wewe washa, kisha kaa na wewe utazame."

Nikasema sawa. Akaniomba niitazame kwanza kabla ya wageni. Nikasema sawa pia. Sikuitazama. Mimi sinema siitazami kabla, hiyo ndiyo sifa yangu.

Mnamo tarehe 15 Juni 2025, Jumapili, saa 9 alasiri, niliwasha. Watu walikuwa themanini hivi. Kwingine ningesema mia tatu. Mama Evodia alikaa mbele kwenye kiti nilichotoa nyumbani kwangu, Dorika pembeni yake.

Dakika ishirini za kwanza nilinyamaza kama nilivyoahidi. Watu wakaanza maneno. Mmoja akauliza kama nimeng'olewa jino. Mwingine akasema mzee wa maiki amestaafu, tumchangie kuku wa kumuagia. Nikashika maiki. Dorika akisema kwenye sinema "karibu chakula", na mimi nasema anamkaribisha chakula, lakini angalia jicho lake. Kiswahili nikakitafsiri kwa Kiswahili. Banda likachangamka, na mimi nikasahau kama niliahidi kitu.

Kama saa 10 kasoro robo, Dorika wa kwenye sinema aliingia chumbani na yule mume. Kuna kitanda. Akakaa kitandani. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kitenge, nikashusha, nikageuka nikawatazama watu.

Nilisema amevua hiki. Nikasema amevua na kile. Nilitaja rangi ya shuka, nikasema ni nyekundu. Nilisema jamaa amefanya hivi na binti amejibu hivi. Mengine nimemwambia afande kwa mdomo na nimeomba yasiandikwe, kwa kuwa ni mtoto wa dada yangu. Nilisema kwa dakika tatu hivi. Watu walikuwa wanapiga miguu chini. Nilipoinua kitenge sinema ilikuwa imeshafika asubuhi, mtu anafagia uwanja.

Mama Evodia alisimama, akafunga vizuri kanga yake, akatoka na ndugu zake. Luciana alikuwa amechinja kuku wawili. Hawakula.

Afande ameniuliza Dorika alikuwa anafanya nini wakati mimi nasema. Hapo nilikuwa nimeruka. Naomba nirudi.

Nilipokuwa nasema, Dorika alisimama. Alisema, "Mjomba, toa hicho kitenge." Nilimsikia vizuri. Alisema tena, kwa sauti kubwa kidogo, "Mjomba, toa kitenge watu waone." Na mimi nikajibu kwenye maiki, "Msanii wetu anataka muone, mimi mjomba wake ndiye nimekataa." Banda zima likacheka. Ndicho kicheko kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuvipata katika kazi hii. Akakaa chini.

Mnamo tarehe 16 Juni 2025, Jumatatu, saa 1:30 asubuhi, nilikwenda kwa Luciana. Nilikwenda kunywa chai na kupokea pongezi. Nilipofika kwenye uzio nilisikia kishindo. Niliona Chediel Stefano, miaka 31, kaka wa Dorika baba mmoja mama mmoja, ameshika mpini wa jembe. Dorika alikuwa amekaa chini kwenye mlango wa jiko, mkono wa kulia ameukumbatia. Luciana alikuwa amemshika Chediel shati kwa nyuma, shati limechanika. Niliona Chediel akimpiga mara mbili, moja ya bega na moja ya mkono ule ule. Hizo mbili niliziona kwa macho yangu. Za kabla yake sikuziona na sitazisema.

Hapa kijijini mimi nimesimulia mara nyingi jinsi nilivyomkaba fisi. Siku ile nilisimama tu. Chediel aliniona akaacha kupiga. Hakukimbia. Alisema, "Mjomba, si umetangaza mwenyewe? Stendi nzima imesikia. Nilikuwa na vitunguu vyangu, abiria wa basi wananiuliza huyo Dorika wanayemsema ni wa nani."

Nikataka kumwambia kwamba sikuona chochote. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Sikusema, kwa sababu Luciana alikuwa ananitazama, na majirani walikuwa wameanza kujaa kwenye uzio.

Tulimpeleka Dorika hospitali kwa bajaji. Mfupa wa mkono umevunjika sehemu mbili, karibu na kiganja. Mganga alisema hajui kama vidole vitarudi kama zamani. Huo ndio mkono anaopitishia nguo kwenye cherehani. Mchana wa siku hiyo Nathan alimpigia simu Luciana, akasema kwao wamekaa na wamesitisha.

Tarehe 17 Juni, saa 7 mchana, nilikwenda kumwona Dorika wodini. Nilipeleka uji. Hakunipa shikamoo. Tangu ajue kusema hajawahi kuniruka, hata siku ana homa. Nikakaa pale. Aliniuliza jambo moja.

"Mjomba, wewe uliiona?"

Nikasema hapana.

"Basi kaione."

Akageukia ukutani.

Flashi ilikuwa imeshachukuliwa na polisi, maana Chediel alipokamatwa alieleza kwamba alimpiga dada yake kwa sababu aliona kwa macho yake picha chafu. Tarehe 18 Juni, saa 3 asubuhi, niliitwa kituoni. Afande Scholastika aliniuliza, hiyo picha iko wapi, mbona yeye ameitazama sinema mara mbili haioni. Akaiwasha kwenye kompyuta, nikakaa, nikatazama.

Dorika anaingia na mume. Mume amelewa. Dorika anakaa kitandani, anamvua yule mume viatu, anavipanga chini. Mume anajilaza na nguo zake zote. Anamshika Dorika bega. Dorika anautoa mkono ule polepole, anachukua mto, anauweka katikati yao. Kisha analala upande wake na gauni lake, ameangalia ukuta, na machozi yanatoka bila sauti. Shuka ni ya bluu. Ni hilo tu. Sikujua kama mtoto wetu anaweza kufanya kitu kama kile. Aliufanya uso wake ukawa wa mtu mwingine kabisa, na bado ni yeye.

Jana hiyo hiyo mchana nilizunguka njia panda kuwaambia watu kwamba hakuna kitu kama kile. Waliniambia nimekata kipande kumwokoa mpwa wangu. Mzee Haji, ambaye alikaa mstari wa pili, aliniambia nisimfanye mtoto, yeye aliona mpaka shuka, nyekundu. Kijana mwingine alisema aliziba macho lakini aliona kupitia vidole.

Saa 11 jioni nilimpigia simu mama Evodia Kintinku. Nilimwambia kila kitu, kitenge, mto, mpaka viatu. Nilimwambia mimi ni mwongo na nimekuwa mwongo siku zote, aulize mtu yeyote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza. Alisema, "Mzee Benjamin, ulivyo mjomba mtu lazima umtetee. Lakini mimi nilikuwepo. Niliona."

Mimi najua kumfanya mtu aone kitu ambacho hakipo. Kumfanya aache kukiona sijui, na sijui nani anajua.

Chediel ni mtoto wangu pia. Sijaja kumtetea, alimpiga na niliona. Lakini hakuona picha yoyote. Alikuwa stendi, alisikia sauti yangu. Kama kusema kule ni kosa, naomba na mimi niandikiwe, nisiwe shahidi tu. Na kama kuna karatasi ya serikali inayoweza kuandikwa kwamba kipande hicho hakipo, ikapigwa muhuri, naomba iandikwe na ibandikwe pale njia panda. Mimi hawataniamini. Labda wataamini muhuri.

Haya ndiyo niliyonayo. Pale nilipoongeza la kwangu afande amefuta, na yaliyobaki ndiyo yaliyotokea.

Sahihi ya shahidi: B. M. Ntandu

MAELEZO YA MWANDIKAJI: Nimemsomea shahidi maelezo haya yote naye amekubali kuwa ni sahihi, akatia sahihi mbele yangu saa 6:25 mchana. Alilia wakati wa kusomewa, tukasimama kidogo. Flashi moja nyeusi imehifadhiwa kama kielelezo. Ina sinema ya dakika 74. Nimeitazama yote, na tendo linalotajwa na mtuhumiwa halimo. Shahidi ameelezwa kuwa kituo hakitoi karatasi ya kubandika njia panda. Mlalamikaji, Dorika Stefano, amejulishwa kwa simu kuhusu maelezo haya. Nilimwuliza kama angependa nimsomee. Amesema hapana, akipata ruhusa ya kutoka wodini atakuja ayasome mwenyewe.

WP Koplo Scholastika